Maji Yameongezeka

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama yake hajamaliza kuchoma mikate ya mtama, Mukta alichukua utepe wa kupimia uliotundikwa nyuma ya mlango akaelekea kisimani. Aliuteremsha kutoka kwenye alama nyekundu ya ukingoni hadi kizito cha chuma kilipogusa maji, akasoma namba, akaiandika kwenye ubao wa shule. Kisha aliituma kwa simu ya baba yake kwa Bi Tarannum, mtaalamu wa maji wa wilaya. Mukta alikuwa na miaka kumi na miwili. Alichaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na mdomo wake haukujua uongo. Ndivyo watu walivyosema, naye kichwa kilimvimba kidogo.

Mwaka huo eneo lote la Marathwada lilikuwa limekauka. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imewapita kando. Mto wa kijiji chao cha Bhorkhedi ulikuwa mchanga mtupu, na wavulana walicheza kriketi katikati yake. Kilichobaki ni kisima kimoja, nacho kilishuka wiki hadi wiki.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, dada wa rafiki yake Sheetal alikuwa anapakwa manjano kwa ajili ya harusi. Sheetal alimkuta Mukta njiani na utepe mkononi.

"Wewe na kisima chako! Kwani kina miguu, kitakimbia? Twende, wameshaanza kuimba!"

Mukta akasita. Kisima kilikuwa ng'ambo ya kijiji, na jua lilishaanza kuuma. Bahati nzuri, au mbaya, bibi yake Sonabai alikuwa anarudi kutoka huko na mtungi kichwani.

"Bibi, maji ya leo vipi?"

"Yameongezeka, mjukuu wangu," alijibu Bibi bila kusimama.

Sasa, Mukta alimjua bibi yake. Katika nyumba yao unga haukuwahi kwisha, uliongezeka. Bangili ikivunjika, imeongezeka. Bibi hakulitaja jambo baya kwa jina lake, lisije likaitika. Mukta aliyajua hayo tangu anajifunza kusema. Lakini ngoma zilikuwa zinalia, na neno limeshatamkwa na mtu mzima. Wiki iliyopita maji yalikuwa mita kumi na tatu chini. Akaandika kumi na mbili na nusu, akatuma, akakimbilia manjano.

Siku ya Alhamisi mwenyekiti wa kijiji alisoma orodha ya vijiji vitakavyoletewa boza, lori la tangi la maji. Aliisoma mara mbili. Bhorkhedi haikuwemo.

"Haiwezekani!" alifoka baba yake Sheetal. "Mgeni wa harusi hapa anaoga kwa kikombe! Wanataka tunywe mchanga?"

"Wanasema vipimo vyetu vinaonyesha maji yamepanda," alisema mwenyekiti.

Mukta alijificha nyuma ya mama yake. Alijiambia kwamba wiki ijayo atapima vizuri na mambo yatajirekebisha yenyewe.

Jioni ile simu ililia. Alikuwa mama yake mdogo, Vimal, aliyeolewa Vadgaon, kijiji cha chini kwa kufuata mto. Alikuwa na mtoto wa miezi miwili.

"Mukta, mwanangu, boza letu limekatwa. Sisi na vijiji vingine viwili. Tumeambiwa kisima cha kwenu kinapanda, na maji ya ardhini yanateremka kama mto, kwa hiyo yatatufikia. Tusubiri." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kweli yanapanda?"

Mukta alimpa mama yake simu, akatoka nje, akalia.

Kesho yake Bi Tarannum alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitandaza ramani kubwa juu ya meza ya shule, watu wakaizunguka. Vijiji sitini vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu, na katikati yake Bhorkhedi ilikuwa kijani, peke yake.

"Ofisini waliona kijani hii wakafurahi," alisema. "Mimi nilikosa usingizi. Mto na visima ni ndugu, hunywa kutoka chungu kimoja. Mto umekufa, majirani wote wanashuka, kisima kimoja kinapandaje? Mukta, Jumamosi ile ulipima saa ngapi?"

Watu wote wakamgeukia.

"Sikupima," alisema. "Nilikwenda kwenye manjano. Niliandika tu."

Mwanamke mmoja akaguna, "Na tulimwita mkweli." Neno hilo lilimchoma Mukta kuliko kofi.

"Mimi ndiye niliyemwambia yameongezeka," alisema Bibi Sonabai kwa ukali. "Mwacheni mtoto."

"Bibi, nilijua ulichomaanisha," alisema Mukta.

Walikwenda kisimani wote pamoja. Mukta aliteremsha utepe. Ulishuka, ukashuka, ukalegea. Alipouvuta, kizito kilikuja na tope, bila tone la maji.

Bi Tarannum alitoa fomu. Ili orodha ibadilishwe, wazee watano walipaswa kutamka hali ya kisima na kutia saini. Wanaume wanne walimaliza upesi. Wa tano alikuwa Bibi Sonabai, aliyechota pale kwa miaka hamsini na sita.

"Bibi, kisima kina hali gani?" aliuliza Bi Tarannum.

Bibi aliufunika uso kwa pindo la sari.

"Usinilazimishe, binti yangu."

"Kule ofisini hawalijui neno lako, Bibi. Wakisoma yameongezeka, wataelewa yameongezeka."

Bibi aliteremsha pindo, akachungulia kisimani.

"Yamekwisha," alisema. Halafu alikaa chini pale ukingoni, akalia kama mtu aliyefiwa.

Fomu ilichukua siku nne kupita kutoka meza hadi meza. Siku nne Mukta na mama yake walitembea kilomita sita kwenda kwenye bomba la kijiji jirani, wakasimama foleni, wakasukumwa, wakarudi na ndoo nusu. Huko Vadgaon, Vimal aliacha kuoga ili mtoto aoshwe. Mukta aliomba radhi kwake kwa simu mara tatu. Kuomba radhi hakukujaza hata kikombe.

Boza liliingia Bhorkhedi siku ya tano, na Vadgaon siku hiyo hiyo alasiri. Watu walikimbia na mitungi na mipira ya maji. Harusi ilifanyika bila sherehe kubwa, na wageni wakanywa maji kwa zamu.

Jumamosi Bi Tarannum alirudi. Mukta alimnyooshea utepe.

"Mpe mtu mwingine, Dada."

"Kwa nini? Mwingine hajajifunza ulichojifunza wewe." Akamrudishia.

"Lakini kisima ni kikavu. Nikipima vizuri, maji yatarudi?"

"Hapana," alisema Bi Tarannum. "Sitakudanganya. Nimepima miaka kumi na tisa, na sijawahi kuvuta hata wingu moja. Kipimo hakileti maji. Lakini maji yaliyobaki ni machache na wenye kiu ni wengi, na watu wanaoyagawa hawaoni chini ya ardhi. Wanaona namba zetu tu. Ukipindisha namba moja ya kisima chako, unapindisha njia ya boza kwa watu usiowaona. Mvua hatuiwezi, Mukta. Uongo tunaweza kuuacha."

Mukta aliteremsha utepe hadi tope. Aliandika neno "kavu" kwenye ubao, akalituma. Bi Tarannum alimwonyesha ramani kwenye simu yake, namna majibu ya vijiji vingine yalivyokuwa yanaingia. Mukta alitafuta jibu lake kwa muda mrefu. Vijiji arobaini na nane vilikuwa vimeandika neno hilo hilo.