Mlango wa Thelathini na Moja

"...na nani alikuomba unitoe? Nani? Nijibu basi, usinikodolee macho!"

Jamani, ngazi nzima ya jengo la maduka iliganda. Mama aliyekuwa anapanda na ndoo tatu za plastiki akasahau kama anapanda au anashuka. Wauza simu wakachomoza vichwa madukani kama kobe. Na huyo anayefokewa, fundi kompyuta wa ghorofa ya pili, shati lake la mistari limenyooshwa pasi mpaka kwenye vifungo kwa sababu siku hiyo alitegemea kukumbatiwa, alikuwa amesimama na pakiti ya biskuti mkononi, mdomo wazi.

"Mpenzi, si nilitaka kukufurahisha..."

"Panya wangu yuko wapi?"

"Panya gani tena?"

"Ondoka mbele yangu!"

Haya, tuanzie mwanzo, maana hapa mtu anaweza kudhani huyu dada ana kichaa.

Jina lake kwenye cheti cha chuo ni jina zuri tu, na cheti chenyewe ni cha upimaji ardhi. Lakini kwa kila dereva aliyewahi kuegesha gari pale, yeye ni Dada Geti: msichana wa kwenye kibanda cha kioo, anayekata tiketi na kubonyeza kitufe ili nguzo iinuke. Saa tisa kwa siku anawafungulia watu wapite. Yeye mwenyewe hatoki humo mpaka apatikane wa kumshikia nafasi, hata kama haja ndogo imemkaba mpaka machozi. Kibanda kina kiti kimoja, feni isiyozunguka, na kioo kinachopika jua kama sufuria. Juu anavaa kizibao cha kung'aa cha kazini. Ndani yake, kila siku, gauni la rangi: njano, bluu, nyekundu ya nyanya. Hakuna anayeliona, lakini anavaa.

Fundi alikuja kuliona. Ilikuwa Jumamosi, foleni imefika barabara kuu, honi juu ya honi, naye anakatiza kwa miguu kwenye njia ya magari, amekumbatia skrini ya mteja. Nguzo ikamshukia begani, pwaa!

"Umenipiga!"

"Wewe gari?" Dada Geti akatoa kichwa dirishani. "Hapo wanapita wenye magurudumu."

"Ningekuwa gari ungenikatia tiketi. Sasa umenikata bega."

"Pole. Skrini imepona?"

"Yaani unaiulizia skrini! Mimi je?"

"Wewe unaongea, kwa hiyo umepona."

Akacheka, akajipangusa, halafu macho yake yakaangukia kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya meza ya kibanda. Kwenye kioo chake kulikuwa na chumba cha mawe, mshumaa, na mtu aliyekonda aliyeinamia kufuli.

"Mlango wa ngapi huo?"

"Unalijua gemu hili?"

"Nililiacha mlango wa pili. Linatia uchungu."

"Mimi niko wa thelathini na moja," akasema Dada Geti, kidevu juu.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Gemu lenyewe ni la mfungwa aliye chini ya ardhi. Milango arobaini, na huko juu ndiko nje. Hakuna mbio wala kupigana. Kuna kufikiri tu, na kusubiri, na kukosea, na kurudi. Milango thelathini Dada Geti aliifungua mwenyewe kwa miezi saba, dakika mbili mbili kati ya gari na gari. Mfungwa wake alikuwa na kipande cha mshumaa ambacho hakutaka kukimaliza, na panya aliyemfuga tangu mlango wa sita kwa kumwachia makombo. Ule wa thelathini na moja ulikuwa umemtesa wiki sita nzima.

Simu sasa! Simu zao, mwenzangu, zilikuwa hazina mwisho.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Niko wapi kwingine? Kwenye kioo."

"Umevaa nini leo?"

"Kizibao."

"Chini ya kizibao?"

"Fundi, nina gari la maji hapa linapiga honi. Njano. Haya, kwaheri."

Ikifika saa kumi na mbili jioni alitakiwa awe nyumbani kwa shangazi yake, na hapo simu zilikoma. Shangazi si mbaya, msimchukie. Alimlea tangu ana miaka sita, kwa cherehani moja na mapazia ya watu. Sebule yao ilikuwa mapazia tupu: ya zambarau, ya maua, yamening'inia mpaka mbele ya madirisha, hata mchana ukilala humo hujui kama jua limetoka. Shangazi alikuwa na sheria moja, na aliisema huku sindano ikikimbia: "Binti anatoka kwangu na mume. Hatoki na begi."

Ndiyo maana ile barua pepe Dada Geti alimwonyesha fundi peke yake. Kampuni ya kupima barabara, safari ya saa saba kwa basi, msaidizi wa mpimaji, aripoti tarehe moja. Zilibaki siku ishirini na tano.

"Si uende?" fundi akasema.

"Unasema kama vile pako wazi."

Fundi alimwona anavyokondeana. Moyo ukamuuma. Na mafundi wana ugonjwa wao: kitu kikikwama mbele yao, mkono unawasha. Akaingia mtandaoni, akakuta mtu wa mbali huko ameweka faili lake la gemu, limechezwa mpaka mwisho, milango yote arobaini imefunguliwa. Akalipakua, akalitia kwenye flashi. Mchana wa siku hiyo akamwomba Dada Geti kompyuta, "nikuwekee kitu kizuri," akakaa nayo ngazini. Mashine ikamuuliza: faili lenye jina hili lipo, nibadilishe? Akabonyeza ndiyo, anatabasamu peke yake kama mtu aliyepokea mshahara.

Dada Geti alipofungua, hakuna chumba cha mawe. Mfungwa amesimama kilimani, upepo unapeperusha nguo, jua mpaka linaumiza macho. Mikono mitupu. Bila mshumaa, bila panya. Akambonyeza aende kushoto, akaenda. Kulia, akaenda. Hakukuwa na cha kufanya hata kimoja. Akatafuta njia ya kurudi chini, hakuna. Machozi yakamtoka pale pale kwenye kioo, dereva wa teksi akadhani ni jino. Akamwita mlinzi amshikie kibanda, akapanda ngazi. Mengine mmeshayasikia.

Siku kumi hakupokea simu. Fundi akipita getini, anaangalia upande wa pili. Nyumbani mapazia, kazini kioo, na sasa hata kale kadirisha kake ka mchezo kameisha. Alijisikia kama amekalishwa ndani ya kabati na mlango ukaegemewa. Tarehe ilikuwa inakuja, naye kwa shangazi hajafungua mdomo.

Siku ya kumi na moja simu ikaita, akapokea kwa hasira.

"Nini?"

"Usikate. Nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Mlango wa tisa. Nimeanza mwanzo kabisa, kwenye kompyuta ya ofisini. Nina siku nne humu. Kuna kamba, kuna ndoo, kuna mlinzi anakohoa. Kila nikitoka ananidaka."

Dada Geti akauma mdomo. "Panya je?"

"Amenikimbia. Nilimkanyaga mkia."

Kicheko kikamponyoka. Alijaribu kukirudisha, kikakataa.

"Mkanyaga panya wewe! Nikupe jibu?"

"Hapana, usinipe. Nataka nijue ulivyokaa humu. Kompyuta ya mteja siigusi kabla sijanakili kila kitu. Hata ya adui yangu. Yako niliifungua kama ni yangu. Hapo ndipo nilipokosea, na faili lako siwezi kulirudisha. Nimejaribu kila ninachokijua."

Gari tatu zikapiga honi. Dada Geti akaacha zipige.

"Msikilize mlinzi anavyokohoa," akasema polepole. "Basi. Sisemi zaidi ya hapo."

Kesho yake fundi alikuwa dirishani, shati lile lile la mistari, safari hii limekunjamana.

"Nimetoka! Nipo wa kumi!" Halafu akashika ukingo wa dirisha, sauti ikashuka. "Na nimefikiri kitu. Nikuoe. Wiki hii hii. Nije kwa shangazi na kaka yangu mkubwa, tumalize. Ukiwa na mume atakuzuia kwa lipi?"

Jamani, moyo wa Dada Geti uliruka! Alikuwa anampenda huyu mtu mpaka kwenye kucha. Mdomo ulishafunguka useme ndiyo. Ndipo akamwona yule mfungwa kilimani, mikono mitupu, anakwenda kushoto, anakwenda kulia.

"Fundi."

"Naam, mpenzi."

"Umeniletea flashi nyingine."

Akaelewa. Ilimchukua muda, lakini alielewa, masikio yakawa ya moto.

"Kwa hiyo hunitaki?"

"Nakutaka sana, mjinga wewe. Niulize nikiwa nje. Nje nitakujibu."

Jumapili alasiri, siku moja kabla ya basi, Dada Geti alivaa gauni la njano bila kizibao, akasimama katikati ya mapazia.

"Shangazi, nimepata kazi. Ya nilichosomea. Kesho asubuhi napanda basi."

Cherehani iliendelea. "Unaolewa huko?"

"Siolewi. Nakwenda kupima barabara."

"Na nikisema hapana?"

"Nitakaa hapa nikubembeleze mpaka kuche. Halafu nitaondoka nikilia." Sauti ilimtetemeka, lakini hakukaa. "Sitaki kutoka kwa kukutoroka, wala kwa kubebwa na mtu. Nataka unione ninavyotoka."

Cherehani ikasimama. Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la pazia la mteja, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Njoo ukae," akasema. "Hiyo barabara inaanzia wapi?"

Walikaa saa mbili na birika zima la chai. Kisha Dada Geti akatoka uani, akapiga simu. Ikapokelewa kabla haijaita.

"Amesemaje?"

"Mengi! Mengine nimelia, mengine nimecheka, na kuna moja kuhusu yeye mwenyewe alipokuwa na umri wangu, utashika kichwa."

"Niambie sasa hivi!"

"Sasa hivi nakunja nguo, naye amesimama mlangoni ananiambia ninavyokunja vibaya. Kesho, mpenzi. Saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha basi, nitakuhadithia yote mpaka dereva atufukuze."

"Na lile swali langu je?"

"Uje nalo."