Mkwe Aliyevua Viatu Mlangoni

Wewe unayesoma hapa, nakujua. Nilipoandika kuhusu moshi wa kile kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, uliweka kidole gumba ukapita. Nilipoandika kuhusu watoto wanaolala darasani, ukasema nimeanza siasa zangu. Leo umesikia kuna mchumba na pete, umevuta kiti mpaka mbele. Haya, kaa. Mapenzi utayapata. Ila safari hii hutageuza uso.

— Ingia na viatu vyako, mkwe. Sakafu yangu ni saruji, hailii.

Mtafiti alicheka, lakini aliinama kibarazani akafungua kamba. Akavikung'uta viatu mbali na mlango, akaviacha nje, akaomba maji na sabuni. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Ndipo akaingia, miguu mitupu, mpole kama bwana harusi wa kwenye picha.

Mama alimgusa binti yake mkubwa kwa kiwiko.

— Umeona malezi hayo? Mumeo huingia na mavumbi mpaka kitandani.

— Mume wangu anatoka kwenye tanuru, mama. Huyu anatoka kwenye kiyoyozi.

Wote wakacheka. Mume wa yule dada alikuwa mchochea moto pale kiwandani, na kila jioni alipotokea kona ya mtaa, binti yake mdogo alimkimbilia akajizungusha kwenye ovaroli lake. Mtoto huyo walimwita Chiriku. Alianza kusema kabla hajatembea. Alisimulia watu ndoto zake, akamgombeza kuku, akauliza mvua inakwenda wapi ikiisha.

Siku ile Chiriku alikuwa amekaa sakafuni, anachora kwenye vumbi kwa kidole, kisha kidole mdomoni. Mtafiti alimtazama. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Ukumbuke hapo. Mimi nimepakumbuka siku zote hizi.

Mchumba wake alikuwa binti mdogo wa nyumba ile, msusi, mwenye saluni ya viti viwili karibu na geti la kiwanda. Walijuana kwa sababu ya utafiti. Mtafiti na wenzake walikuja mtaani kupima mazingira na afya za watu, na kila baada ya muda walipita nyumba kwa nyumba wakichukua tone la damu kidoleni. Watoto walimwita Bwana Kidole, wakimwona wanaficha mikono mgongoni. Kina mama nao walifunga milango, wakisema hawajawahi kuona damu ikichukuliwa bure ikarudi na heri.

Aliyeifungua ile milango ni Msusi. Kichwa cha mwanamke kikiwa mikononi mwako, chanuo linapita, mtu huwa hana ubishi mwingi. Aliwaambia wenzake kijana yule ni mkweli, ana huruma, wamwachie watoto. Wakamwachia, kwa ajili yake.

Na kijana alijua kupenda, sitamnyima haki yake. Alimkataza Msusi kufagia kwa ufagio mkavu, akamnunulia ndoo na kitambaa cha deki. Alimfundisha kunawa kabla ya kugusa chakula hata kama ni karanga. Mwisho akamtafutia chumba cha saluni mtaa wa juu, upande unakotoka upepo.

— Wateja wangu wako huku chini, Daktari. Huko juu nitasuka nani, nguzo za umeme?

— Watakufuata. Huku kuna vumbi sana.

— Vumbi nimezaliwa nalo.

— Nakupenda. Nataka mapafu yako yazeeke pamoja na yangu.

Nani angekataa maneno hayo? Akahama. Wateja wakamfuata kweli, na wakamtania: jamani, umepata mume au umepata bwana afya? Naye akajibu kwamba wenye wivu wakanunue ndoo zao.

Laiti wangenunua.

Chiriku alianza kunyamaza taratibu, hivi kwamba hakuna aliyeweza kusema ni lini. Kwanza ndoto ziliisha. Kisha kuku akaacha kugombezwa. Akawa mtu wa kulalamika tumbo, hataki kula, anajikunja pembeni. Maneno aliyokuwa nayo yakawa yanamtoroka, anaanza neno, katikati analiacha hapo hapo, anakutazama kama wewe ndiye uliyelichukua.

Dada mtu alimngoja Mtafiti mlangoni, akamuuliza anapofungua kamba za viatu.

— Shemeji, wewe umesoma. Mwanangu kapatwa na nini?

— Watoto hutofautiana, shemeji. Wengine hupoa kidogo, halafu wanaamka.

— Kwenye damu yake hamjaona kitu?

— Majibu bado hayajatoka.

Yule dada akashukuru. Alimshukuru, na maji ya kunawa akamletea yeye mwenyewe.

Wiki ambayo wazee wa pande mbili walikuwa wakutane kupanga siku ya ndoa, muuguzi wa utafiti alipita na sanduku lake. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, aliyechoka miguu. Akamchoma Chiriku, akamchoma dada mtu, akamchoma Mama aliyelalamika kwamba damu ya mzee haina utamu. Msusi alikuwa amekuja kusalimia. Naye akanyoosha kidole.

— Chako weka, bibi harusi. Wewe hatukuchukui tena.

— Kwa nini? Damu yangu imeshaolewa?

Wakacheka. Muuguzi alikuwa anafunga vichupa, hakuinua uso.

— Ulihama kwenye vumbi. Unapiga deki, unanawa, saluni umeipeleka juu. Ukiwekwa humo unaharibu kipimo. Daktari mwenyewe alikutoa.

— Kwa hiyo anajua deki inasaidia.

Muuguzi akainua uso.

— Na hawa? Mama yangu, dada, huyu mtoto. Mbona hamkuwaambia nao wapige deki?

— Si wangeharibu kipimo.

Alilisema kama mtu anayekwambia sukari imeisha dukani. Kisha akasikia alichokisema. Akalishika sanduku lake kwa mikono miwili, akasema yeye anachoma vidole tu, na akaondoka bila kumaliza chai.

Msusi aliketi kibarazani na simu.

"Majibu ya Chiriku unayo?"

"Mpenzi, wazee wanakuja Jumamosi. Tusiichafue siku yetu. Tutaongea."

"Nimeuliza unayo au huna."

Alama za kuandika zikatokea, zikapotea, zikatokea tena.

"Ninayo. Lakini si rahisi kama unavyofikiri."

Jumamosi wazee walikuja asubuhi, mama yake Mtafiti akiwa mbele, mwalimu mstaafu, mnyoofu wa mgongo. Viti viliazimwa kwa majirani. Mtafiti alifika nyuma yao na suti, akainama kibarazani kama kawaida yake.

Msusi alikuwa amesimama mlangoni.

— Leo usivue, Daktari. Kwanza waambie mama zetu kwa nini huwa unavua.

— Ni heshima tu, mpenzi. Wageni wanasubiri.

— Waambie.

Mama akasema binti yake ana wasiwasi wa ndoa, apewe maji. Hakuna aliyeinuka. Mtafiti akawatazama wazee, akatazama viatu vyake, na akaanza kusema kwa ile sauti yake ya kazini. Kwamba kiwanda kinatoa vumbi lenye madini ya risasi. Kwamba vumbi hilo linaingia nyumbani kwa viatu, kwa nguo za kazi, kwa upepo, linatua sakafuni, na mtoto analiingiza mwilini kwa vidole. Kwamba likizidi kwenye damu linashambulia akili inayokua.

— Ulijua lini?

— Tangu tulipopima mara ya kwanza.

— Kabla hujanichumbia?

— Kabla kidogo.

Dada mtu alikuwa amempakata Chiriku. Alisimama naye.

— Nilikuuliza. Hapo hapo uliposimama. Ukaniambia atapoa halafu ataamka.

— Shemeji, nisikilize...

— Jina hilo ulitoe mdomoni. Baba yake anambeba na ovaroli la kiwandani kila siku ya Mungu. Ulikuwa unamwona. Ungemwambia neno moja tu, vua kwanza. Neno moja.

Mtafiti alijitetea, na utetezi wake nitakuandikia wote ili usije ukasema nimemwonea. Alisema waliotoa kibali cha utafiti waliambiwa wakazi wataarifiwa, lakini wakubwa wake waliamua majibu yasitoke mpaka kazi yote iishe. Alisema wangewaambia watu mapema, watu wangeanza kusafisha na kuhama, namba zingevurugika, na wenye kiwanda wangecheka mahakamani. Alisema namba zikikamilika sheria itatungwa, na watoto wasiohesabika watapona.

— Niliwaza watoto wote, akasema.

Mama yake mzazi ndiye aliyemuuliza.

— Huyu mmoja angekuwa wa kwako, mwanangu, ungengoja namba zikamilike?

Yule mwalimu mstaafu akainuka kwenye kiti cha wageni, akavuka chumba, akaenda kuketi karibu na mama yake Msusi.

Mtafiti akamgeukia mchumba wake, sauti ya kazini imemwishia.

— Nilivunja masharti ya kazi kwa ajili yako. Nilipokwambia upige deki, nilipokuhamisha, ningeweza kufukuzwa. Hilo huoni ni mapenzi?

— Naona. Hicho ndicho kinaniua.

Akaishika pete kidoleni.

— Ungekuwa hukunipenda, ningesema umefungwa mdomo, ni ajira, una njaa kama sisi. Lakini mdomo wako ulifunguka. Ulijua kinga ni ndoo na kitambaa kibichi, ukaninong'oneza mimi, halafu ukamruka mtoto wa dada yangu sakafuni ukaja kula kwa mama yangu. Wanawake wa mtaa huu walikupa watoto wao kwa ajili ya mdomo wangu. Mimi nitawasuka kwa mikono gani?

— Nilikuwa naogopa.

— Ogopa. Lakini si ukiwa mume wangu.

Alichomoa pete, akainama, akaidumbukiza ndani ya kiatu cha Mtafiti, kile kimoja alichokuwa ameshakivua. Chiriku, begani kwa mama yake, alikitazama kile kiatu muda mrefu. Zamani angelitaja jina lake, rangi yake, na angeuliza kimekosa nini. Siku ile alinyoosha kidole tu, na ncha yake bado ilikuwa na alama ya sindano.

Mtafiti alivaa kiatu kilekile, pete ikiwa ndani. Nilimwona akipita kwangu. Alikuwa anachechemea.

Alipiga simu baadaye, wakati Msusi alikuwa ameshawaeleza wateja wake wote, kichwa kwa kichwa, na wengine walimtukana, na mmoja hajamsemesha mpaka leo. Alimwambia ripoti iko karibu kutoka, ni nzuri, itasomwa mbali.

— Ukurasa wa mwanzo tumewashukuru wakazi, alisema.

— Umewashukuru kwa majina?

— Majina haturuhusiwi. Ni kulinda siri zao.

Msusi akakata simu.

Chiriku alipelekwa hospitali na baba yake, ambaye siku hizi anavua ovaroli nje ya uzio hata mvua ikinyesha. Damu imeanza kusafika. Maneno machache yamerudi. "Kuku" limerudi. Ndoto hazijarudi, na daktari wa hospitali amekataa kuahidi.

Na bomba la kiwanda? Toka nje ulitazame, bado linafuka moshi. Sasa hivi wale wa utafiti wamehamia mtaa wa pili na kijana mwingine, mpole vilevile, na nimesikia naye anavua viatu mlangoni. Kina mama wa huko wanamsifu malezi.

Kwa hiyo usiniandikie "pole" hapo chini. Pole yako haifuti vumbi. Weka simu mezani. Lowesha kitambaa, pitisha sakafuni anapochezea mwanao. Mwenzako akitoka kazini, avue nje kabla hajambeba mtoto. Halafu gonga kwa jirani, na jirani agonge kwa jirani yake, mwende nyote kwa yule aliyechukua damu ya watoto wenu, mumwambie majibu mnayataka leo, ya kila mtoto kwa jina lake, na hamtoki mpaka muyaone. Kisha mtokee hapo mpaka getini kwa kiwanda.

Bado umekaa?

Simama.