Kilio Kwenye Bomba la Tope

Haya yalimpata rafiki yangu Paninnguaq, hapa hapa Upernavik, kijiji chetu cha kaskazini kabisa kwenye barafu, mwezi Januari, siku ambazo hata saa sita mchana ni giza. Alikuwa na miezi minne tangu amzike bintiye mchanga. Kabla ya msiba, nesi alimwambia kwamba maziwa yake yana dawa ya kuulia wadudu, ile inayotoka nchi za mbali, ikatua baharini, ikaingia kwenye mafuta ya sili, mnyama wa baharini, tunayokula.

Siku hiyo yeye na mjomba wake Malik walitoboa barafu ili kumchotea mtafiti mmoja mgeni tope la chini ya bahari kwa bomba refu, akapime dawa hiyo.

"Shamba hatuna, lakini dawa ya shamba tunayo!" Malik alicheka.

Bomba la tope lilipotoka majini, Paninnguaq alisikia sauti nyembamba ndani yake.

"Mjomba, nani analia?"

"Ni barafu hiyo, mwanangu. Shika bomba."

Alilikumbatia, akaanza kulibembeleza bila kujijua. Sauti ikanyamaza. Akabaki hivyo muda mrefu, machozi yakimgandia mashavuni.

Mtafiti alipolipokea, kilio kikaanza upya. Malik alivua kofia kwenye baridi ile, akamwambia, "Mrudishe kwa mama yake."