Lensi Haichaguliwi kama Sangara

Mimi ni Paskazia. Nauza samaki pale soko la Mwaloni, naishi Kiseke, peke yangu. Mwaka 1995 mume wangu Shimba alifariki, akaniachia kamera yake. Mwanangu Malimi yuko Tabora. Tangu mazishi hakuja tena, na barua zangu hakujibu. Upweke, jamani, usikie kwa mwenzio tu! Unapika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Mwaka uliofuata kwaya yetu ilipanga kwenda Serengeti, siku moja tu. Nikasema, nitapiga picha ya tembo nimtumie Malimi. Labda ataandika. Lakini lensi ya Shimba ilikuwa ya kupigia watu wa karibu. Tembo wa mbali angeonekana kama mende.

Nikaenda mjini kwa Abubakary, fundi kamera. Kwenye kabati la lensi za mitumba nikaona moja ndefu kama mkono wangu. Nikaishika. Nzito! Pale Mwaloni sangara mkubwa ndiye tunayemgombania. Basi nikaona hii ndiyo yenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema Abubakary.

"Marahaba, fundi. Nifungie hii."

Akacheka. "Mama, huyu si sangara! Hii inavuta mbali sana, ila mkono ukitikisika kidogo tu, picha imeharibika. Tena inaingiza mwanga kidogo. Hebu itazame kuelekea dirishani."

Nikatazama. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe.

"Huo ni ukungu," akasema. "Uko ndani, hautoki kwa kufuta. Lensi ya mitumba ikague hivyo kabla hujalipa."

Akanipa nyingine, fupi, imeandikwa 70–210. Akaijaribu kwenye kamera yangu, ikaingia vizuri.

"Hii inavuta karibu na mbali, inakutosha. Na pesa itakayobaki, nunua filamu ya 400. Hiyo haihitaji mwanga mwingi. Beba kimfuko cha mchele, ukiweke dirishani mwa gari, ulaze lensi juu yake. Dereva azime injini ndipo upige."

Kule mbugani wenzangu walipigana picha wawili wawili, wakicheka. Mimi nilikaa na mchele wangu dirishani. Roho iliniuma, lakini nilifanya kama nilivyofundishwa.

Niliporudi, Abubakary alisafisha picha zote thelathini na sita. Tembo alionekana hadi kope! Fundi akazipitia mara mbili.

"Mama, wewe uko wapi?"

"Nani angenipiga?"

Akaweka filamu mpya kwenye kamera yangu. "Lensi hii inafaa hata kwa sura ya mtu. Kaa hapo mlangoni, penye kivuli."

Nilikaa. Niliona aibu, sikucheka.

Nikatuma Tabora picha mbili, ya tembo na yangu. Baada ya wiki mbili barua ikaja. Ya tembo hakuitaja kabisa. Malimi aliandika, "Mama, ndiyo umekonda hivi? Nakuja Ijumaa."