Kaburi Katikati ya Duara

Mfu wa miaka elfu tatu havai zipu. Ndiyo maana Lisbet, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka makumbusho, aliweka mwiko wake wa kuchimbia chini, akatoka shimoni na kuwapigia simu polisi.

Inspekta Henning Mose alifika kabla ya adhuhuri. Jutland nzima, huku Denmark, ilikuwa imekauka kiangazi kile, na shayiri ya mzee Anker Bisgård ilikuwa njano hadi mashinani. Mose aliitazama mifupa, zipu ya koti, fuvu lililopasuka kisogoni. Hakuhisi kitu. Siku hizi moyo wake ulikuwa umeingia ganzi, naye hakuutafutia dawa.

"Ulijuaje pa kuchimba?"

Lisbet alimwonyesha picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Katika njano ya shamba kulikuwa na maduara ya kijani, kama alama za vikombe mezani.

"Makaburi ya kale hayo," alisema. "Vilima vyenyewe vilishasawazishwa na plau zamani. Lakini mitaro iliyovizunguka ilijaa udongo unaotunza maji. Ukame ukija, shayiri ya juu yake hubaki kijani. Na hapa katikati, unaona? Mstatili. Nikadhani nimempata chifu."

"Umempata mtu wa juzi. Ukisimama hapa chini, duara unaliona?"

"Huoni kitu. Tambarare tupu."

"Na mstatili uko katikati kabisa?"

"Katikati barabara."

Mose aliitazama tena picha. Aliyezika hapa alikuwa ameshaliona duara, na duara halionekani ila kutoka angani.

Meno yalimtaja marehemu: Villads, mwana wa pekee wa mzee Anker. Kijiji kizima kilijua kwamba mwaka 1996 alimtoroka mkewe, Grethe, akaenda Norway. Grethe alibaki kumtunza baba mkwe, na majirani wakabaki kumtania: "Hajakutumia hata samaki wa Norway?"

Mose alimkuta sebuleni akimmiminia mzee kahawa. Akawaeleza. Grethe aliliweka birika mezani polepole, akakaa. Hakulia. Mzee aliendelea kukitazama kikombe chake.

Mose alizitazama kuta. Kila mkulima wa huku ana picha ya shamba lake kutoka angani. Wachuuzi walizipiga kutoka kwenye ndege, kisha wakapita mlango kwa mlango wakiuza, na nani angekubali jirani awe nayo yeye akose? Hapa, juu ya kochi, palikuwa na mraba wa karatasi ya ukutani ambao haukupauka.

"Picha ya shamba iko wapi?"

"Baba aliiteremsha," alisema Grethe. "Alisema kioo kimepasuka."

"Lini?"

"Vuli ile Villads alipoondoka."

"Ilipigwa mwaka gani?"

"Sabini na sita. Ule mwaka wa ukame."

"Mzee Anker, iko wapi?"

"Niliichoma."

"Uliichoma?"

Mzee alikisukuma kikombe kando. "Iko chini ya kitanda changu. Mama yake Villads yumo, uani, anaanika nguo. Ningeichomaje?"

Mose aliileta. Maduara yalikuwamo. Mstatili haukuwamo.

"Ulimpiga kwa kitu gani?"

"Sepetu."

"Kwa nini ukamzika pale?"

"Picha hii niliitazama kila siku nikinywa kahawa. Nikasema, mifupa ikifukuliwa watadhani ni ya kale. Halafu nilitaka alale na wakubwa."

"Mlikuwa mmegombana?"

Mzee alimgeukia mkwewe. "Aliondoka kweli, Grethe. Hilo sikukudanganya. Ila baadaye alirudi. Wewe ulikuwa kwa dada yako. Alinikuta shambani, akasema amepata kazi na nyumba, amekuja kukuchukua. Nikamuuliza, na mimi je? Na ng'ombe? Akasema niuze. Akanipa kisogo."

Kikulacho ki nguoni mwako, na Grethe ndiye aliyekuwa akizifua nguo zenyewe.

"Nilikupikia," alisema, bila kupandisha sauti. "Watu wananicheka hadi kanisani, wewe upo, unasikia. Nikaenda mahakamani kudai talaka. Nimemtaliki maiti, baba."

"Ningesema, ungeondoka."

Basi ndiyo hiyo sababu, aliwaza Mose. Mzee aliogopa kula peke yake. Alingoja hasira impande, haikuja.

"Alisema nini mwisho?" Grethe aliuliza.

"'Mwambie Grethe afungashe.'"

Grethe aliinuka, akapanda ghorofani. Mose alimtia mzee pingu. Walisikia kabati likifunguliwa juu, kisha droo zikivutwa moja moja, bila haraka. Aliposhuka alikuwa amevaa koti, na mkononi ana sanduku.

"Mkitoka, Inspekta, fungeni mlango," alisema, akatangulia.