Kamba ya Mnara

Kila siku baada ya masomo, wanafunzi wa klabu ya roboti walisogeza viti vya maabara na kuiweka roboti yao mezani. Nukta, msichana aliyeitwa hivyo kwa udogo wa umbo lake, ndiye aliyebuni mnara: vyuma vitatu vinavyoingiana, vikivutwa juu na kamba nyembamba inayopita kwenye kapi, yaani vigurudumu vyenye mfereji. Kabla ya kuwasha mota, kila mmoja aligusa sehemu aliyoiunda na kusema, "Naidhamini." Bila neno hilo, mwalimu wa fizikia hakuruhusu kitu.

Asubuhi ya mashindano, katika ukumbi uliofurika watu, walifanya vivyo hivyo. Zamu ya Nukta ilipofika, aliutazama mnara bila kuugusa.

Jana yake aliona kamba imeanza kuchanika. Kapi moja halikuenea mahali pake, kwa hiyo alikuwa ameipitisha kamba juu ya skrubu, nayo ikaisugua. Kwa kuogopa kuchekwa, aliipaka gundi, nyuzi zikalala. Katika jaribio la kuinua kisanduku kimoja ilihimili. Leo mashindanoni vingekuwa vitatu, na nahodha wao, Mrefu, angeingiza mikono chini ya mnara kuvipakia.

"Mama Mnara, tunakusubiri wewe tu," Mrefu alimtania. "Au mpaka tukupigie magoti?"

"Siidhamini," Nukta alisema, kisha akaeleza yote.

Mrefu alifura kwa hasira. Alisema wakikosa raundi ya kwanza, fainali waisahau. Mwalimu hakubishana naye. Alimwarifu mwamuzi kwamba wanajitoa katika raundi hiyo, akapakia visanduku vitatu, akawaamuru wote warudi nyuma, akawasha mota.

Mnara ulipanda hadi nusu. Kamba ikakatika, vyuma vikaporomoka kwa kishindo. Mrefu alitazama viganja vyake.

Walitoboa tundu jipya, wakafunga kapi dogo zaidi na kamba mpya. Raundi ya pili mnara ulifika juu kabisa, ingawa pointi za fainali hazikutosha. Wakati wa kufungasha vifaa, Mrefu alimpokea Nukta mzigo bila kuombwa.

"Skrubu ilikuwa kosa la ufundi," mwalimu alimwambia Nukta. "Makosa hayo hata mimi ninayo, na bisibisi huyamaliza. Gundi ilikuwa uongo. Ungenyamaza, leo tungekuwa hospitali. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati bado kuna mtu anayeweza kurekebisha."