Kidole cha Pudentienne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Déborah na rafiki yake Consolate walichota maji, kisha wakafagia ua. Katika parsele yao, kiwanja chenye nyumba huko Kilibula, ziliishi jamaa tano zilizokimbia vita kutoka Runingu. Kila jamaa ilikuwa na chumba chake, lakini jiko lilikuwa moja na choo kimoja, na foleni ya choo iliwafundisha watu subira kuliko mahubiri ya Jumapili.

Mwenye parsele alikubali kuwaachia iwe yao, ila Jumamosi angehamia Bujumbura. Ilibidi karatasi iandikwe kabla hajaondoka. Iandikwe kwa jina la nani? Wengi walimtaja Papa Étienne, fundi mwashi, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee pale. Yeye alikataa.

"Minye nikikufa kesho, ndugu zangu watakuja kuwafukuza," alisema. "Na tukikata vipande, muntu wa kwanza kupata shida atauza chake. Tufanye asosiasyo, chama chetu sote. Parsele iwe ya wote, na muntu asiuze bila wenzake."

Wakakubaliana. Déborah, mwenye mwandiko mzuri, akapewa kazi ya kuandika. Mkubwa wa kila jamaa angeweka alama ya kidole.

Alhamisi vidole vinne vilikuwa tayari. Cha tano kilikosekana, na Déborah, aliyeitunza karatasi, ndiye pekee aliyejua. Bibi Pudentienne, aliyemlea mjukuu wake Consolate, alikwenda Runingu Jumanne kuchimba mihogo, na mapigano yakafunga barabara. Déborah aliogopa sana. Walikuwa wamelala sakafuni kanisani miezi mitatu, na hakutaka kurudi kule. Alijiambia kwamba bibi alikwisha kukubali kwa mdomo. Akachovya kidole gumba chake katika wino, akakibonyeza penye jina la Pudentienne, kisha akaandika chini tarehe ya siku ile.

Ijumaa asubuhi wanawake waliotoka Runingu walileta habari. Bibi Pudentienne aliuawa shambani Jumatano, akazikwa huko huko bila sanduku. Consolate alikaa mlangoni akiitazama njia ya Runingu.

Papa Étienne aliichukua karatasi huku machozi yakimtoka. "Afadhali marehemu alituachia kidole chake kabla ya kwenda," alisema.

Hakuna aliyeshuku. Déborah angeweza kunyamaza, na alitamani kunyamaza. Lakini alimtazama Consolate, akaona aibu kubwa.

"Papa Étienne, kile si kidole chake. Ni changu. Nilikiweka jana."

Mama yake Déborah, Florentine, aliinua mkono ampige. Étienne akamzuia.

"Weye unajua ulifanya nini? Karatasi iko na tarehe ya jana, na marehemu alikufa juzi. Siku muntu akitaka kutuondoa, atauliza maiti ilisaini namna gani. Karatasi yote ingeanguka, na sisi wote tungerudi njiani."

Akaichana mbele yao. Déborah aliandika upya mpaka saa sita mchana, vidole vikimuuma. Mahali pa tano aliandika jina la Consolate, mrithi wa Pudentienne, na la Florentine kama msimamizi wake mpaka akue. Wote wakaweka vidole upya. Alasiri mwenye parsele alisaini, na katika ofisi ya mtaa wakaipokea. Hakuna aliyeshangilia. Walirudi nyumbani kuomboleza.

Kabla ya kulala, Déborah alimwendea Étienne kuomba radhi.

"Nilitaka tu tusifukuzwe," alisema.

"Najua. Sisi tulichagua asosiasyo ili kila muntu ajisemee mwenyewe, hata mjane, hata mtoto. Weye ulimsemea Pudentienne, na pale penye jina lake ndipo Consolate alipopaswa kuingia. Ungenyamaza, tungekusifu leo, karatasi ingebaki na jina la marehemu tu, na yeye angekuwa hana haki hapa. Usitie uongo katika jambo jema, mwanangu. Wanaoumia ni wale wale uliotaka kuwasaidia. Sasa nenda ukalale na Consolate. Chumba ni chake, lakini usiku huu asilale peke yake."